Gari la njia mbovu na mbali: 1HZ, TD42 au dizeli mpya ya komon reli?

MwendaPori

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa mnaoyajua haya magari kwa kuyashika, maana mimi nimeangalia video na kusoma mpaka kichwa kimejaa na kila mtu anavutia kwake. Natafuta gari la safari ndefu za njia mbovu, yani mchanga, tope, mawe, mito ya kuvuka, sehemu ambazo unatembea siku tatu hujaona fundi wala mtandao. Tutakuwa watu wawili na mzigo wa kudumu kama kilo 700, maji, mafuta ya akiba, tairi mbili za spea, vifaa na hema la juu.

Nimebaki na haya: Land Cruiser 79 pikapu yenye injini ya 1HZ, Patrol Y61 yenye injini ya TD42, au Hilux 2.8 ile ya injini mpya ya 1GD ambayo haijatembea sana. Afu kaka yangu anasema niachane na pikapu zote nichukue lori dogo la fowili kama Canter FG au Isuzu NPS nijenge boksi la kulala nyuma.

Kinachonisumbua ni hiki, 1HZ na TD42 kila mtu anazisifia lakini ni injini za zamani, hazina turbo, mlimani zinapanda kwa kulia. Huo uimara wake ni wa kweli au ni mazoea tu ya watu? Na hizi mpya ni kweli zinakufa kwa mafuta machafu au ni maneno ya mafundi wasiokuwa na mashine ya kuzipima?

FundiNozeli

Mkuu hilo swali la mwisho ni langu kabisa, kazi yangu ni pampu na nozeli na mashine za kupima za zamani na za komon reli (zile mafuta yanakaa kwenye bomba moja la presha kubwa na kompyuta ndo inafungua nozeli) zote ninazo, kwa iyo sikusemei kwa chuki.

1HZ ni lita 4.2 silinda 6, ipo tangu 1990, inatoa farasi 130 hivi. Kwa injini kubwa vile hizo ni farasi kidogo sana na uimara wake umeanzia hapo hapo, haijaminywa. Kila silinda inafanya kazi ndogo kuliko inavyoweza, joto halipandi ovyo, beringi za krenki hazipati kipigo. TD42 nayo ni lita 4.2 silinda 6, ni ndugu zake kitabia. Zote mafuta yanapigwa kwanza kwenye kijumba kidogo cha pembeni kwenye hedi ndo moto unatokea kuja juu ya pistoni, na nozeli zinafunguka kwa bar mia na kitu. Kwenye 1GD presha ya reli inapita bar 2,000. Sasa chukulia kitundu cha nozeli chembamba kama unywele, mafuta yanapita kwa presha hiyo, na ndani yake kuna vumbi laini ambalo hata jicho halilioni. Linakula chuma kama msasa, na siku ya kwanza hutajua, utajua siku gari inakataa kuwaka asubuhi kwa sababu nozeli zinarudisha mafuta mengi kuliko zinavyochoma.

Nozeli ya 1HZ nikiifunga kwenye kipimo nikapampu kwa mkono, nzima inatoa ukungu mwembamba na unaisikia inakoroma, mbovu inachuruzika tone kwenye ncha. Unaona kwa macho yako. Nabadilisha ncha, naweka shimu, narudisha. Ya komon reli inataka mashine, ipimwe inarudisha kiasi gani kwa kila mwendo, afu aina nyingi ukiweka mpya lazima kompyuta ya injini iandikiwe namba ya hiyo nozeli. Porini utaandikia na nini.

Lakini nisikudanganye, 1HZ haili kila kitu kama watu wanavyosema. Pampu yake ni ya mzunguko na inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani, ukiweka mafuta yenye maji inashika kutu, ukichanganya na mafuta ya taa inakauka inajikwaruza. Nimefungua pampu nyingi za namna hiyo, zina rangi ya kutu kama sufuria iliyosahaulika nje mvua ikanyesha. Chujio lina plagi ya kumwagia maji chini, watu wanatembea miaka hawajaigusa.

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili, 1HZ inaendeshwa na beliti ya taimingi, kila km 100,000 unabadilisha bila kubishana, ikikatika valvu zinakutana na pistoni na hapo safari imekufa. TD42 ni gia tupu, hakuna beliti ya kukatika. Kwa hilo Nissan alifanya vizuri kuliko Toyota na nitalisema popote.

DadaWaMchanga

Kaka MwendaPori, fundi kaongea injini na kaongea vizuri, mimi niongee chini ya gari, kwa sababu miaka yote ya safari zangu injini imenilaza njiani mara moja tu, mara nyingine zote ni beringi za hub (kile kitovu cha gurudumu), shokapu, springi, bolti iliyolegea taratibu kwa mtikisiko hakuna aliyeiona mpaka imedondoka.

Ukilinganisha hizo pikapu angalia ekseli ya nyuma kwanza. 79 ina ile ya ful floti, yani uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli na beringi za hub, shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Hilux shafti ndo inabeba na ndo inazungusha. Kuna siku tulikatikiwa shafti ya nyuma kushoto kwenye mawe, gari lilikuwa la ful floti, tulifungua nati sita, zile washa za koni unagonga na nyundo zinaruka zenyewe, shafti ikatoka bila hata kupiga jeki. Kile kipande kilichobaki ndani tukakivua na sumaku tuliyoifunga kwenye waya mgumu, kama saa nzima hivi mtu amelala chini na tochi mdomoni. Tukatoa na ya upande wa pili, matundu tukayaziba kwa plastiki ngumu na gasketi ya bomba, tukaingiza fowili na kurudi na miguu ya mbele tu km 140. Tairi ya nyuma ikaendelea kuzunguka pale pale kwenye hub yake. Ingekuwa ile nyingine, shafti ikikatika nje ya beringi tairi inatoka na shafti yake, na hapo unalala.

Mbele nako, 79 na Patrol ni ekseli nzima, Hilux miguu imejitenga kila mmoja na jointi zake zina mipira. Ya Hilux ni laini barabarani na inashika vizuri kwenye mwendo, ila mpira ukichanika na mti au jiwe mchanga unaingia kwenye grisi na jointi inaanza kulia ukikata kona. Ekseli nzima nayo sio kwamba haina ugonjwa, sili za magoti zinavuja na beringi za hub zinataka kufunguliwa na kupakwa grisi upya hasa ukishazamisha hub kwenye mto. Hub ikiwa na moto unaiingiza kwenye maji baridi, inanyonya maji kupitia kwenye sili. Mimi nikifika mtoni nasimama kwanza, zipoe.

Jambo moja watu hawalisemi kuhusu 79, zile za kuanzia 2007 walipopanua mbele ili injini ya V8, yani ya silinda nane, iingie, nyuma wakaacha kama ilivyokuwa, tairi za nyuma zipo ndani kuliko za mbele kwa kama sentimita 9 au 10. Kwenye mchanga laini tairi ya nyuma haipiti kwenye njia iliyokandamizwa na ya mbele, inachimba njia yake mpya na gari linafanya kazi mara mbili. Kuna watu wanabadilisha ekseli kabisa kwa ajili ya hilo.

Na upepo wa tairi jamani. Mchanga unashuka mpaka psi 15 au 18, mwendo taratibu, kona usikate kwa nguvu tairi itatoka kwenye rimu. Compresa nzuri ni muhimu kuliko winchi, nimeshasema na narudia.

TurboKwanza

Naheshimu mliotangulia ila naona kama tunamrudisha mwenzetu nyuma bila kumpa upande wa pili.

1HZ toki yake, yani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 285 hivi, 1GD toleo la kuanzia 2020 ni Nm 500 kwa injini ya lita 2.8. Mzigo wa kilo 700 na hema juu, ukiwa na 1HZ mlimani utakuwa gia ya pili na lori zinakupita. Na ukipanda juu injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, sasa chukua farasi 130 zako uwe mita 3,000 unabaki na ngapi? Turbo inajazia hewa hiyo. Afu ulaji wa mafuta, dizeli mpya inakula kidogo kwa hiyo akiba unayobeba inakuwa ndogo, gari linakuwa jepesi, hilo nalo ni uimara.

Kuhusu mafuta machafu ni kweli lakini lina dawa. Weka chujio la ziada kabla ya lile la gari, lenye kikombe cha kuonyesha maji na alamu, beba vichujio vya akiba, mafuta ya kwenye madumu pitisha kwenye faneli yenye wavu wa kuzuia maji. Nimetembea hivyo miaka sita na nozeli zangu hazijaguswa. 1GD ni cheni pia sio beliti.

Kitu cha kuangalia kweli ni DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Magari ya kiwango cha Euro 5 yanataka dizeli yenye salfa isiyozidi 10 ppm, ukitembea siku nyingi na dizeli yenye salfa nyingi na mwendo wa taratibu wa porini, chujio linaziba, taa inawaka na gari inapunguza nguvu yenyewe. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa masoko ya kiwango cha chini ambayo haina DPF tangu kiwandani. Hiyo ndo tofauti ya kuuliza kabla ya kununua, sio mpya au zamani.

Na hizi 1HZ mnazomshauri nyingi zimechoka. Gari la miaka 20 lina hosi za miaka 20, waya za miaka 20 na chesi yenye kutu ndani.

FundiNozeli

Turbo hapo kwa DPF na kwa uchakavu umesema kweli, siwezi kubisha. Chujio la ziada kwenye komon reli naliunga mkono asilimia mia, na hata kwenye 1HZ liwekwe.

Ila tofauti yetu ni kwenye namna gari linavyokufa. 1HZ ikiumwa inakuambia miezi kabla, moshi, sauti, kuwaka kwa shida, na bado inakufikisha. Umeme inayoutaka ikishawaka ni wa solenoidi moja tu ya kufungua mafuta kwenye pampu, alteneta ikifa unaendelea, stata ikifa mnasukuma. Ya komon reli sensa ya presha ya reli ikikatika waya, gari zima kila kitu kizuri lakini linaweza kukataa kutembea. Nimeshamsaidia mtu kwa simu ya setilaiti, shida ilikuwa waya uliotafunwa na panya, siku mbili kuutafuta.

Na kwa kuwa tumegusa turbo, mtu asikudanganye ufunge turbo kwenye 1HZ afu uongeze mafuta ili uwafikie kina 1GD. Kompresheni yake, yani hewa inavyobanwa kwenye silinda, ni 22 na zaidi kwa 1, hedi ina vile vijumba, ukiongeza moto humo hedi inapasuka kati ya valvu. Ukitaka turbo ya zamani tafuta injini ya Toyota iliyozaliwa nayo, 1HD-FT au 1HD-FTE, ila 1HD-T za mwanzo angalia beringi za koni rodi zina sifa mbaya, zinabadilishwa mapema kabla hazijanoki. Kwa upande wa Patrol hakikisha ni TD42 kweli uliyouziwa na sio ZD30 ya lita 3, zile za mwanzo zinajulikana kwa kuchoma pistoni. Boneti ikifunguliwa hesabu silinda, sita au nne.

MzeeWaMalori

Vijana nimewasoma wote. Nizungumzie lori kwa kuwa nimeendesha haya madogo ya fowili na makubwa pia.

Canter FG na NPS ni magari ya kubeba kweli, kilo 700 kwake ni kama hakuna kitu, na ukiinua kabini injini yote iko wazi mbele yako, fundi anasimama badala ya kujikunja. Lakini umekaa juu ya ekseli ya mbele, kila shimo linaingia mgongoni, km 300 za korugeshini, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, utashuka unatembea kama mtu aliyepigwa. Na nyuma tairi mbili mbili, kwenye mawe jiwe linanasa katikati ya tairi na kuzikata zote, kwenye mchanga za nyuma hazifuati njia za mbele kwa hiyo zinavuta kama nanga. Wanaosafiri nazo wengi wanatoa mbili mbili wanafunga tairi moja moja kubwa. Watu wawili tu na kilo 700, sioni sababu.

Unimog ndo baba wa yote, ekseli zake za potali zina gia pale kwenye gurudumu kwa hiyo difu imekaa juu kuliko kitovu cha tairi, jiwe linalogonga difu ya gari lako yeye anapita juu. Ile U1300L na injini yake ya OM352, lita 5.7, hata pampu yake ni ya mstari na inalainishwa na oili ya injini. Ila mwendo ni wa 80 na kelele ndani hamuongei. Kwako ni kubwa mno.

Nilitaka kusema kuhusu maji kwa sababu kijana ametaja mito na hakuna aliyeligusa. Injini ngumu kuliko zote inakufa kwa glasi ya maji. Maji hayabanwi, pistoni ikipanda na maji juu yake kinachopinda ni koni rodi. Mimi ilinipata, mto ulikuwa wa magotini tu, nikaingia kwa mwendo nikaona naokoa muda, wimbi la mbele likapanda mpaka mdomo wa hewa, injini ikasimama kwa kishindo kimoja, tap. Nikafanya kosa la pili, nikapiga stata. Hapo ndo niliipinda. Ningetoa nozeli zote kwanza nikazungusha injini maji yaruke nje kupitia matundu, huenda ningetoka nayo nzima. Sasa hivi natembea mto kwa miguu na fimbo kabla gari halijaingia, na feni naifungua beliti kama maji yanafika huko, isije ikajipinda ikatafuna rejeta.

Na vumbi ni hivyo hivyo. Paka grisi kidogo kwa kidole ndani ya hosi ya hewa, upande wa baada ya chujio, tembea siku moja nyuma ya gari jingine kwenye vumbi, fungua upitishe kidole. Ukikuta ukwaruza kwenye grisi chujio lako halikai sawa, na hiyo injini unaisaga wewe mwenyewe iwe ya Toyota au ya nani.

MwendaPori

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote, nimesoma hii mara tatu. Lori nimeliacha. Hilux nayo nimeuliza, ina DPF na hakuna namna.

Leo nimeenda kuona 79 ya 1HZ ya mwaka 2009, km 340,000 kwenye dashibodi. Chesi nzuri, hakuna kutu ndani nimeingiza tochi. Imewaka kwa kugusa tu, hakuna moshi. Ila nilipoweka mkono kwenye boneti kabla hawajaiwasha ilikuwa na joto, na mwenyewe akasema ameisogeza tu kwa ajili ya kuiosha. Fundi hii ina maana gani? Na ile ya V8 ina shida nyingine yoyote zaidi ya upana, maana kuna nyingine ya V8 pia.

DadaWaMchanga

V8 iache kama unataka utulivu, ni tamu kuvuta lakini ni komon reli yenye nozeli nane badala ya nne, yote aliyokuambia fundi zidisha mara mbili. Na hiyo ya 2009 pima upana wa mbele na nyuma kwa futi kamba wewe mwenyewe.

FundiNozeli

Mkuu ina maana waliiwasha kabla hujafika. 1HZ ikiwa ya moto inaficha kila kitu, hita plagi (zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha) zilizokufa, nozeli zinazochuruzika, ringi zilizochoka. Waambie utarudi kesho alfajiri na wasiiguse, ukifika shika boneti na hosi ya juu ya rejeta zote ziwe za baridi. Washa, usikanyage mafuta. Moshi mweupe unaonuka dizeli ukikaa sekunde kumi na kuisha ni hita plagi moja au mbili, hilo ni dogo. Ukikaa dakika tatu na injini inatetemeka, hiyo silinda kompresheni imeshuka.

Ikishachemka iache sailensa, yani ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili kigeuze kikae juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia au kikicheza kidogo tu chukua. Kikirushwa na upepo, ringi zimeisha. Na uliza beliti ya taimingi ilibadilishwa lini, usipooneshwa ushahidi hesabu kwamba haijabadilishwa, na gari lisiende safari kabla hujaweka mpya na beringi yake.

MwendaPori

Nimerudi alfajiri saa kumi na mbili kasoro. Baridi kabisa. Iliwaka mara ya pili, moshi mweupe kama sekunde kumi na tano ukaisha, ikatulia. Kifuniko kilitikisika tu hakikutoka. Upana wa mbele ni mkubwa kuliko nyuma kwa sentimita 9 na nusu kama dada alivyosema. Ushahidi wa beliti hawana.

FundiNozeli

Hita plagi zote sita na beliti, afu chukua. Nozeli zitoe uje nazo tuzipime kwa macho yako.